Washenga wa Asubuhi

Bi Thuraya binti Hamed hakuwahi kulala nje ya Tabora ila mara moja tu, alipopelekwa Mwanza kutolewa mtoto wa jicho, na aliporudi alitangaza kwamba Mwanza ni mji wa watu waliokosa pa kuweka mawe wakaamua kulala juu yake. Hayo ndiyo yaliyokuwa matumizi ya kwanza ya jicho lake jipya. Madaktari walimrudishia nuru, naye akaitumia kuviona vizuri zaidi vitu vya kudharau.

Alizaliwa mtaa wa Gongoni, katika nyumba ileile anayoishi mpaka leo, yenye mlango wa mninga na misumari ya shaba ambayo nusu yake imeng'olewa na wezi. Babu wa babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, akafungua duka, akaoa, akafa, akazikwa. Hakufanya jingine la kusimuliwa, lakini kwa Bi Thuraya hilo lilitosha kuugawa ulimwengu mafungu mawili: watu wa mjini, na waliokuja baadaye. Kwamba huyo babu naye alikuja, tena kwa miguu, nyayo zimempasuka sawasawa na za wapagazi wake, halikumsumbua. Na kwamba mke aliyemwoa alikuwa Mnyamwezi wa hapahapa Unyanyembe, aliyekuwapo kabla ya duka na kabla ya msafara, hilo hakulitaja kabisa.

Kila asubuhi, akishakunywa chai, alivaa baibui lake, akachukua kikapu na kutoka. Wenzake huenda sokoni kununua. Yeye alikwenda kukagua. Alianzia kwenye kona ya vijana wa bodaboda, waliovaa makoti mazito ya baridi katikati ya joto la mwezi wa kumi. Walimwamkia kwa pamoja, "Shikamoo, bibi!" naye akawaitikia marahaba kupitia puani, bila kugeuza shingo. Akipita ghorofa jipya la vioo vya bluu, mali ya bwana mmoja wa Usoke aliyebahatika na tumbaku, alisimama makusudi katikati ya njia ili apate kubenua mdomo kwa nafasi. "Nyumba ya vioo katika mji wa vumbi," alisema. "Anataka tumwone akila ugali." Mbele ya benki aliwakuta matajiri wa ng'ombe wa Nzega na Igunga, kofia kichwani, wakipiga kelele kwenye simu utadhani sauti inatakiwa ifike yenyewe kwa miguu. Alisonya. Kulikuwa na wahandisi wa reli mpya na fulana zao za kung'aa, nao akawasonya. Chipsi mayai zilimtia kinyaa. Mwanamke anayeuza uyoga alimtia kinyaa zaidi, ingawa uyoga aliununua.

Hata waliouhama mji hakuwasamehe. Kaka yake Soud aliondoka ujanani kwenda Maskati, na mpaka leo humtumia ujumbe wa sauti akilia kwa sababu ya maembe ya Tabora. Bi Thuraya huusikiliza mpaka mwisho, kisha huiweka simu chini ya mto. "Anayalilia maembe," husema. "Tiketi ya ndege hakuililia."

Dharau hii hakuizua mwenyewe, alirithishwa pamoja na nyumba. Baba yake, Mzee Hamed, alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, na kila jioni alilifunga mapema, akamshika mkono bintiye, wakatembea mpaka stesheni kuangalia treni ikiingia. Hawakuwa na mgeni wa kumpokea. Walikaa kwenye benchi wakawasoma watu. "Yule, tazama, kuku kamfunga miguu kwa gome la mti. Huyo Usoke. Yule mwenye fimbo mabegani ni Nzega, mpe dakika moja atamsalimia ng'ombe. Na yule anayeshuka kinyumenyume, Kigwa kabisa, anadhani ngazi itamng'ata." Walicheka mpaka Mzee Hamed akafuta machozi kwa ncha ya kilemba. Nyumbani, mama yake Thuraya hakucheka hata siku moja alipohadithiwa, na kwa kuwa hakucheka walimwona mzito wa kuelewa. Katika nyumba ile kiburi hakikuitwa kiburi. Kiliitwa kuujua mji.

Mtu mmoja tu duniani alinusurika na ulimi huo, naye ni Jihan, mjukuu wake. Baba yake Jihan, Alamin, mtoto pekee wa Bi Thuraya, alikufa kwa ajali ya lori njia ya Itigi mtoto akiwa bado anatambaa. Mama yake aliolewa upya Shinyanga, huko mume mpya hakutaka mtoto wa mtu. Bi Thuraya akamchukua. Alimlea kwa kushona, kwa kuuza visheti, kwa kuuza bangili zake mwenyewe. Alimnyima kuku wa kienyeji ambaye hakujua katoka kwa nani, akamnyima marafiki kwa kanuni ileile, lakini kitabu hakumnyima wala viatu, na kila jioni alitoka naye kutembea mjini, mkono kwa mkono. Alimpenda kupita kiasi. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu watu wengi wa Gongoni hawakuamini kuwa moyo ule una nafasi.

Jihan akasoma, akawa mfamasia wa zahanati moja pale mjini, na akafika miaka thelathini na tatu bila mume. Si kwamba wachumba walikosekana. Wa kwanza alikuwa mnunuzi wa tumbaku. Bi Thuraya alifungua madirisha yote ya nyumba huyo bwana akiwa amekaa palepale, akamwambia harufu ikitoka na yeye ataruhusiwa kubaki. Wa pili, mhasibu wa Igunga, aliulizwa kama kwao bado wanalala na ndama. Mara ya kwanza Jihan alilia. Mara ya pili hakulia, na kwa miaka mitatu hakumtajia bibi yake jina la mwanamume yeyote.

Kisha akatokea Idrisa Kashindye wa Kigwa, aliyesomea ufugaji nyuki chuoni hapahapa mjini, akarudi kwao kuweka mizinga na kufungasha asali ya kijiji kizima.

"Kusomea nyuki!" Bi Thuraya alipigwa na mshangao. "Nyuki mwenyewe hajasoma na asali anatengeneza."

Jihan alikuwa akichambua mchele. Aliuweka ungo chini. "Bibi, Jumamosi wanakuja washenga. Hawa ukiwavunjia heshima hakuna mwingine atakayebisha mlango huu. Sitakugombeza. Nitakaa hapahapa nizeeke nawe. Lakini tutakuwa tunatazamana tu, bibi, basi."

Bi Thuraya aliogopa. Alikuwa amezoea kugombezwa, na jibu la kila ugomvi alikuwa nalo, ila sauti ile ya upole hakuijua ilikotoka. Usiku huo huo aliahidi kwa jina la Mungu kwamba atawapokea washenga wa Kigwa kama anavyopaswa kupokewa mtu, na alikusudia kweli. Akampigia simu Hamoudi, mtoto wa kaka wa marehemu mumewe, aliyekuwa ndiye walii wa Jihan, akamwambia aje Jumamosi baada ya alasiri akiwa na kanzu iliyopigwa pasi. Kwa nini alasiri? Kwa sababu washenga huja alasiri. Jambo hilo mjini haliulizwi. Hata Jihan hakumuuliza Idrisa saa, alimwuliza siku tu.

Jumamosi hiyo Jihan aliingia kazini zamu ya asubuhi ili apate kurudi mapema. Bi Thuraya alikatisha matembezi yake, akanunua halua, iliki na udi, akarudi mbio. Alivua baibui, akajifunga kanga, akapika mkate wa kumimina, akatandika zulia ukumbini, kisha akatoka na ndoo ya maji kupiga deki kibaraza. Jua lilikuwa bado changa. Akilini alikuwa amekwisha kuwaona wageni wake: gari la kukodi, kanzu za kuazima, rafiki wa bwana harusi na miwani myeusi, na mzee mmoja wa kusema maneno. Alijiandaa kuwavumilia wote.

Ndipo akawaona watu wawili wakija kwa miguu. Mzee wa kama miaka sitini na zaidi, koti la kahawia juu ya kanzu fupi, raba nyeupe zilizofuliwa zikafulika. Nyuma yake mama mnene, mwavuli mkononi, ndoo kichwani iliyofungwa kwa kitenge kipya. Walisimama mbali kidogo, wakavua viatu kwenye ukingo wa kibaraza, na yule mama akakunja goti bila ndoo kutikisika.

"Mwangaluka, mama," akasema mzee, kisha akajisahihisha kwa adabu za mjini. "Shikamoo."

"Marahaba. Asali hiyo?"

"Asali, mama," mzee akaitikia, maana kweli ilikuwa asali.

"Ya wapi?"

"Kigwa."

Neno hilo lilipaswa kumgutusha. Halikumgutusha. Watu wa asali kutoka Kigwa walipita mlangoni pake kila Jumamosi, wala hakuwahi kuwatofautisha hawa na wale, na washenga wake walikuwa wa alasiri, ndani ya gari.

Mzee yule aliitwa Kashindye, baba mdogo wa Idrisa, na mama alikuwa dada yake, Nyamizi. Walikuwa wamefika tangu jana na kulala kwa ndugu yao mtaa wa Ng'ambo, kwa sababu kwao neno la heri hupelekwa jua likipanda, si likishuka, na anayelipeleka hulipeleka kwa miguu yake. Akifika halitamki hapo mlangoni. Hungoja akaribishwe, aketi, apewe maji, na mwenye nyumba amwulize habari za atokako. Kulitoa neno la posa umesimama ni sawa na kusema huyo binti hana thamani ya kuketiwa. Kwa hiyo walisimama wakingoja wakaribishwe, na Bi Thuraya alisimama akingoja wataje bei. Kila upande uliona mwenzake anachelewa.

"Haya, teremsha tuone," akasema Bi Thuraya.

Nyamizi akamtazama kaka yake. Kaka akainamisha kichwa kukubali. Ndoo ikashushwa, kitenge kikafunguliwa, mfuniko ukainuliwa. Bi Thuraya akachovya kidole, akalamba, akakunja uso. Ilikuwa asali ya nyuki wadogo, nyepesi, yenye uchachu kwa mbali, ile ambayo huko vijijini huwekwa kwa ajili ya vifua vya watoto na kwa wageni wa heshima. Mwanamke aliyeishi Tabora miaka sabini na kitu, aliyejisifu kuujua mji mpaka mashimo yake, hakuijua asali hiyo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa.

"Mmetia maji," akasema. "Na ndimu."

"Hatujatia kitu, mama."

"Usinifundishe asali. Mimi mzaliwa wa hapa. Nakupa hivi," na akataja bei isiyotosha hata kununua ndoo yenyewe.

"Hii haiuzwi, mama," mzee akasema taratibu.

"Nyote husema hivyo mkitaka kupandisha." Bi Thuraya alianza kupendezwa, ubishi wa bei ulikuwa starehe yake. Aliegemea fagio. "Leo ningewafukuza, bahati yenu nina wageni jioni. Washamba wenzenu wanakuja kumposa mjukuu wangu. Nitawakalisha ukumbini na miguu yao, nitawafukizia udi, nitacheka nao mpaka meno yakauke, kwa kuwa mtoto kaniomba. Lakini nyie watu wa porini mna tamaa jamani! Mtu katoka na vumbi magotini, moja kwa moja anataka binti aliyelelewa juu ya zulia."

Nyamizi aliinama akaanza kukikunja kitenge, akakikunja tena kilipokuwa kimekwisha kukunjwa.

"Na huyo kijana, mama, unamfahamu?" akauliza Mzee Kashindye.

"Nimfahamu wa nini? Kasomea nyuki. Atamwoa mjukuu wangu amweke kwenye mzinga." Alicheka peke yake. "Si mnaona wenyewe? Hata nyie hamcheki, mnaona aibu."

"Tunaona, mama." Mzee alikohoa. "Tunaomba maji ya kunywa."

Yeyote aliyelelewa na watu angejua kuwa mtu aliyesimama mlangoni muda wote ule akiomba maji anakupa nafasi ya mwisho. Bi Thuraya alinyoosha mkono kuelekea bomba la barabarani. "Lile pale. Kingeni na viganja, sina kikombe cha kutoa nje."

Wakaenda. Akakinga mzee, akakinga dada yake, wakanywa wameinama barabarani huku pikipiki zikiwapita. Walirudi kuchukua viatu.

"Asali tumekuachia," akasema Mzee Kashindye.

"Kwa bei yangu?"

"Bila bei. Ilikuwa ya nyumba hii."

Wakaondoka. Bi Thuraya aliwasindikiza kwa macho mpaka kona, akatikisa kichwa kwa kuuhurumia ujinga wao, akabeba ndoo ndani. Alikuwa na furaha kama mtoto aliyeokota embe. Alipomaliza deki alimpigia Hamoudi kumsimulia, na wote wawili wakacheka.

Jihan alirudi adhuhuri. Aliona ukumbi umetandikwa, akasikia harufu ya udi, akamkumbatia bibi yake kwa nyuma, jambo ambalo hakulifanya kwa muda mrefu. Kisha akaiona ndoo. Kwenye mfuniko ilibandikwa nembo ya asali ya akina Idrisa, nembo ambayo Jihan mwenyewe aliichagulia rangi.

"Bibi, nani kaleta hii?"

"Wajinga wawili wa Kigwa," Bi Thuraya akajibu kwa majivuno. "Nimewabana mpaka wakaniachia bure."

Jihan aliketi sakafuni palepale. Akampigia Idrisa. Bi Thuraya hakusikia upande wa pili, alimwona tu mtoto akisikiliza, mkono mmoja mdomoni. "Mlangoni?" Jihan aliuliza. "Bombani?" Akakata simu.

"Hao ndio washenga, bibi. Wako stesheni, wanangoja treni ya kurudi."

"Washenga gani wa asubuhi?" Bi Thuraya akadakia, na hapo bado alikuwa na nusu ya kicheko usoni. Kisha akaushika ukuta. Maneno yake yote ya pale kibarazani yakamrudia moja moja, ya miguu, ya vumbi, ya mzinga, na kila moja lilikuwa na watu wawili wamesimama mbele yake peku. Aliona haya mpaka masikio yakamchoma. Hakuvaa baibui. Alitoka na kanga ya jikoni na malapa, Jihan mbele, yeye nyuma, na mji alioukagua maisha yake yote ukasimama kumkagua. Vijana wa bodaboda waliacha kuzungumza. Yule mwuza uyoga aliinua kichwa. Mtu mmoja kwenye ghorofa la vioo alimnong'oneza mwenziwe, wakacheka, na Bi Thuraya hakuwa na pumzi ya kuwasonya.

Treni ilikuwa imechelewa, kama kawaida yake. Ukumbi wa abiria ulijaa watu waliokalia magunia na mabegi. Bi Thuraya alisimama mlangoni akawatafuta, na hapo akagundua jambo la kumtisha: hakuzikumbuka sura zao. Alikuwa amesimama nao uso kwa uso asubuhi ile na hakukumbuka kitu ila koti na raba. Kila mzee aliyevaa koti alikuwa yeye. Ni Jihan, ambaye hakuwahi kuwaona, aliyewatambua kwa paji la uso la Idrisa.

Akaenda, akapiga magoti sakafuni. "Shikamoo, baba. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia wote wawili.

Bi Thuraya alifika akihema. Njia nzima alikuwa ameandaa maneno mazuri ya kuomba radhi. Kilichomtoka ni kingine. "Mbona hamkusema?"

"Hukutuuliza, mama," akajibu Mzee Kashindye.

"Nani huposa asubuhi?"

"Sisi."

Jihan alimgeukia bibi yake. "Nisameheni," akasema Bi Thuraya. Neno lilitoka kwa shida, likatoka dogo, lakini lilitoka.

Nyamizi, ambaye asubuhi nzima hakufungua mdomo, ndiye aliyejibu. "Tulishasamehe palepale bombani. Mimi nauliza tu, mama. Tungekuja jioni na gari, ungetukalisha?"

"Wallahi ningewakalisha. Kwenye kochi."

"Na udi ungetufukizia."

"Ndiyo."

"Nasi tungerudi tukamwambia kijana, tumeona watu wema." Nyamizi aliunyoosha mwavuli wake mapajani. "Basi nashukuru tulikwenda kwa miguu."

Jihan ndiye aliyesema, bado yuko magotini. "Baba, mimi siyo bibi yangu."

"Nani kakulea?" Mzee Kashindye akauliza.

Jihan akamshika bibi yake mkono. "Yeye. Na alinilea vizuri. Hakunilaza na njaa hata siku moja."

Mzee alimtazama kwa muda, na uso wake ukalainika. "Hapo umejibu kiungwana. Mwingine angemkana." Akasogeza begi kumpisha. "Idrisa anakupenda, mwanangu. Ukiwa naye atakusikiliza wewe kuliko sisi. Ndiyo maana tunataka kujua atakuwa anasikia nini. Hatujasema hapana. Tutafika nyumbani, tutamweleza ya asubuhi, na haya ya hapa pia tutamweleza. Haya ya hapa ni mazuri."

Nyamizi akasogea upande, akapiga sakafu kwa kiganja. Na Bi Thuraya binti Hamed, ambaye katika stesheni ile alizoea benchi la baba yake, akaketi chini miongoni mwa magunia, bega kwa bega na mama wa Kigwa. Walipewa karanga. Nyamizi alimwona akifinya jicho moja, akamuuliza habari za macho yake. Bi Thuraya akaanza kueleza ya Mwanza, akafika kwenye mawe, akanyamaza, akasema tu kuwa madaktari walikuwa watu wema. Jihan aliwaletea maji ya chupa, akayafungua mwenyewe, akampa mzee kwa mikono miwili. Bi Thuraya alimtazama mjukuu wake akizungumza na wale watu, anavyocheka, anavyoinamisha kichwa, na moyo ukaanza kumtulia. Mtoto ameokoa jahazi, akajisemea. Mtoto ni bora kuliko mimi. Mungu akipenda, mwezi ujao watarudi, na safari hii wakifika alfajiri watamkuta mlangoni na kikombe.

Treni ikaingia, watu wote wakainuka kwa mkupuo. Jihan alilinyakua begi la Nyamizi kabla hajazuiwa, akalitundika begani, akawatangulia kuwafungulia njia mpaka kwenye mlango wa behewa. Mlangoni palikuwa na mwanamke mmoja, mtoto mgongoni, gunia la viazi vitamu miguuni. Alikuwa ameinua mguu mmoja kwenye ngazi, akaushusha, akaangalia kulia na kushoto, hajui aanze na gunia au aanze na yeye.

"Hebu toka hapo!" Jihan akamfokea, akalisukuma gunia kwa goti. "Umetoka porini leo? Watu wa maana wanataka kupita, wewe umezubaa kama hujawahi kuona mlango!" Akamalizia kwa msonyo, mrefu, wa kuvutwa taratibu kutoka kooni.

Bi Thuraya aliijua sauti ile kabla ya mtu yeyote. Ilikuwa yake, na kabla haijawa yake ilikuwa ya baba yake. Jihan mwenyewe hakuisikia. Uso wake ulikuwa ule ule wa furaha, amegeuka, mkono ameunyoosha kumshika Nyamizi apande.

"Samahani, dada," akasema yule mwanamke, akajibana ubavuni mwa behewa na mtoto wake.

"Karibu, shangazi, pita," akasema Jihan.

Nyamizi hakupita. Alimtazama Jihan, na hakukuwa na hasira machoni pake. Mzee Kashindye alikuwa ametazama chini, akifunga kifungo cha koti kilichokuwa kimekwisha kufungwa. Nyamizi akainua mkono, akaushika mkanda wa begi lake, akautoa begani kwa Jihan taratibu.

"Lete, mwanangu. Nitabeba mwenyewe."

Kisha akaliinamia gunia la viazi, akashika ncha moja, akamwambia yule mwanamke kwa Kinyamwezi ashike ya pili, wakapanda nalo pamoja. Mzee akawafuata. Hakuna aliyegeuka dirishani.

Jihan alibaki mkono umenyooka. "Bibi," akauliza, "nimekosa nini?"

Bi Thuraya alijua, lakini hakuweza kumwambia.